Mkono na Jembe

Kila kiungo cha mwili kina heshima yake, lakini mkono una cheo cha pekee. Jicho huona chakula, mkono hukileta kinywani. Akili hufikiri nyumba, mkono huijenga. Mtu asiyejua lugha ya mwenziwe husema naye kwa mkono, na watu wawili waliogombana hawahesabiwi kuwa wamepatana mpaka wamepeana mkono. Wayunani wa kale walibishana juu ya kiungo hiki. Anaxagoras alisema kwamba mwanadamu amewazidi wanyama wote kwa akili kwa sababu ana mikono. Aristotle akayageuza maneno hayo: mwanadamu, alisema, alipewa mikono kwa sababu ana akili ya kuitumia, na mkono ni chombo cha vyombo vyote, maana ndio ushikao vyombo vingine. Hatuna haja ya kuyamaliza mabishano hayo hapa. Yatosha kuona kwamba wote wawili walikubaliana kwa jambo moja: akili na mkono ni ndugu, na msiba wa mmoja ni hasara ya wa pili.

Mkono mmoja, tangu kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 27. Misuli mingi yenye kukunja na kukunjua vidole haikai mkononi penyewe. Inakaa kigashani, kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu, kama baharia avutavyo tanga kwa kamba. Mbele ya kifundo iko njia nyembamba, sakafu yake ni mifupa na dari yake ni utando mgumu, na ndani yake kano tisa na neva moja hupita pamoja, kama watu kumi katika ujia mmoja. Kidole gumba peke yake hukisiwa na wataalamu kuwa hufanya karibu asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima.

Kiungo chenye ufundi mwingi namna hii hupewa kazi, na kila kazi ina chombo chake: jembe, nyundo, sindano, kalamu, au mashine. Aghalabu mkono na chombo hupatana. Lakini visipopatana, ni kipi kipaswacho kumfuata mwenziwe? Je, mkono ujifunze kukivumilia chombo, au chombo kigeuzwe kiufuate mkono? Wahenga wetu walisema, Mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni ya kweli kwa yule aliyekusudiwa, yaani mvivu, ambaye asubuhi hulaumu jembe, adhuhuri hulaumu jua, na jioni hulaumu udongo. Walakini methali ni kama kisu: hufaa sana ikishikwa vyema, na ikishikwa vibaya humkata asiye na hatia. Methali hii imepata kutumiwa kumnyamazisha mtu wa bidii ambaye jembe lake linamwumiza kwa kweli. Kusudi la insha hii ni kupima kama mtu huyu naye hana haki ya kuchagua.

Mkono huumia kazini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghafula. Mtu hulisha majani ya ng'ombe katika mashine ya kukatia. Magurudumu huvuta majani, na pamoja na majani huvuta vidole, na kufumba na kufumbua ustadi wa miaka mingi umekatika. Msiba huu huonekana na kila mtu: damu hutoka, majirani hukimbia, gari hutafutwa. Njia ya pili ni ya polepole, nayo haina damu wala kelele. Mchuma chai wa Kericho achumaye kwa mkono hurudia mwendo mmoja wa vidole mara maelfu kwa siku. Mfanyakazi wa shamba la maua la Naivasha hubana mkasi tangu asubuhi. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, hugonga bati kwa nyundo mpaka bati likawa sanduku au jiko. Kano zisizopumzika huvimba, na zikivimba ndani ya ule ujia mwembamba wa kifundo, huibana neva iliyo pamoja nazo. Ndipo vidole hufa ganzi usiku, na asubuhi kikombe huponyoka. Hakuna shahidi aliyeiona siku ya ajali, kwa maana ajali ilikuwa kila siku.

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya mafundi na wafanyakazi. Aliwashauri matabibu wenziwe waongeze swali moja katika yale wamwulizayo mgonjwa: Kazi yako ni nini? Hakuwasahau hata makarani. Aliandika kwamba huteswa na kukaa kutwa, na mwendo wa mkono usiokoma, na mzigo wa akili wa kuogopa kukosea. Swali la Ramazzini ni fupi, lakini lina haki ndani yake. Tabibu asiyeliuliza humponya mtu Jumamosi, akamrudisha Jumatatu mahali pale pale palipomwumiza.

Wako wasemao kwamba mfanyakazi aliijua kazi yake alipoikubali, na kwamba mshahara ni malipo ya jasho pamoja na hatari. Akiumia, husema, sheria ina fidia. Ni kweli. Katika Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia. Ina jedwali lenye kuweka asilimia kwa kiungo kilichopotea, na ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Sheria hii ni njema, na mtu asiidharau. Mahali pasipo sheria ya namna hii, aliyekatika kidole hupewa pole, na pole haijazi chungu.

Lakini tusidhani kuwa deni limekwisha kwa sababu fedha imehesabiwa. Jedwali halina budi kukadiria kidole kuwa kidole, maana haliwezi kwenda nyumbani kwa kila mtu kuona maisha yake. Kidole cha mshona nguo na kidole cha mlinzi wa lango ni sawa mbele ya jedwali. Si sawa mbele ya sindano. Tena, aliyepotewa na matumizi ya mkono hakupotewa na mapato tu. Amepotewa na kufunga vifungo vya shati lake, na kusuka nywele za bintiye, na kula mbele ya wageni bila haya, na kuitwa fundi. Fedha humsaidia kununua vitu alivyokuwa akivitengeneza. Haimrudishii uwezo wa kuvitengeneza. Ukimvunjia mtu mlango ukamlipa thamani ya mbao, umefanya vyema, lakini usiku ule bado atalala nyumba wazi.

Iko elimu ijaribuyo kuurudisha mlango mahali pake. Huitwa tiba ya kazi, na jina lake lina maana mbili: ni tiba itumiayo kazi kuwa dawa, tena ni tiba ambayo mwisho wake ni kazi. Kazi hapa si kibarua tu, bali ni kila shughuli impasayo mtu katika siku yake: kuoga, kupika, kuandika, kulima, kumbeba mtoto. Mmoja wa waanzilishi wake, George Edward Barton, alikuwa mchora ramani za majumba katika Marekani. Alikatwa sehemu ya mguu wa kushoto, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Alijizoeza kwa kazi za mikono mpaka akapata nguvu, na mwaka 1917 yeye na wenziwe wachache walikutana katika nyumba yake huko Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kuieneza tiba hii. Vita Kuu mbili zilipojaza hospitali kwa askari waliojeruhiwa, elimu hiyo ilikua. Leo vijana wa Kenya hujifunza kazi hii katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu.

Fikiri kano ya kidole iliyokatwa kwa kisu. Kwa muda mrefu wapasuaji waliogopa kushona kano katika sehemu moja ya kidole, wakaiita nchi isiyo na mwenyewe, kwa kuwa kano iliyoshonwa pale aghalabu iliganda. Shida ilikuwa katika siku za baada ya kushona. Kano ikiachwa imelala, hushikamana na nyama zilizo jirani. Ikivutwa mapema kwa nguvu, hukatika tena. Katika miaka ya 1960 mpasuaji Harold Kleinert na wenziwe katika mji wa Louisville, Marekani, walionyesha kwamba kidole kikivutwa na uzi wa mpira na kuzuiwa na gango, chaweza kujongea kidogo kidogo tangu mwanzo bila kuiharibu kano. Leo mtabibu wa kazi huilainisha plastiki katika maji ya moto, akaifinyanga juu ya mkono wa mgonjwa ikawa gango, akampa mazoezi ya kila siku kwa majuma mengi. Mgonjwa asipoyafuata, ustadi wa mpasuaji hupotea bure. Uzima wa mkono, basi, haupokewi kama zawadi. Hutengenezwa na mgonjwa na mtabibu wake pamoja.

Tena mtabibu mwema haridhiki kupima kidole kimekunjika kiasi gani. Huuliza swali la Ramazzini. Mgonjwa akiwa mpishi, humpa mwiko na sufuria. Akiwa seremala, humpa randa na misumari. Na ikionekana kwamba kidole hakitakunjika tena kama zamani, mtabibu hufanya jambo ambalo ndilo moyo wa insha hii: huacha kuushurutisha mkono, akakigeuza chombo. Mpini mwembamba hudai vidole vifumbate kwa nguvu nyingi. Basi huunenepesha kwa kitambaa au kwa mpira. Meza iliyo chini mno huiinua. Kisu chenye kupinda kifundo hukitafutia mpini wa umbo jingine, ili kifundo kikae sawasawa. Mkono haukubadilika, lakini mtu aliyekuwa hawezi jana, leo anaweza.

Sasa msomaji, jiulize: ikiwa mpini waweza kunenepeshwa kwa ajili ya mkono ulioumia, kwa nini usinenepeshwe kabla mkono haujaumia? Elimu iulizayo swali hili huitwa ergonomia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1857 na mtaalamu wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kazi na kanuni. Tiba ya kazi humngoja mtu ng'ambo ya jeraha. Ergonomia humlaki kabla hajavuka. Zote mbili husimama juu ya neno moja, kwamba kazi ilifanywa kwa ajili ya mtu, wala mtu hakufanywa kwa ajili ya kazi.

Watu wengine watajibu kwamba vyombo vyema vina gharama, na kwamba mkono uliodekezwa hauwezi kulima. Tazama mfano wa jembe lenyewe, ingawa umetoka nchi ya mbali. Katika mashamba ya mboga ya California, Marekani, vibarua, ambao wengi wao walikuwa wenye asili ya Meksiko, walipewa jembe lenye mpini mfupi wa kiasi cha sentimita 60. Kulitumia kulimpasa mtu ainame kutwa, na migongo mingi iliharibika. Wenye mashamba walikuwa na hoja zao. Mpini mfupi, walisema, humweka mtu karibu na miche, hata asikate mche mwema pamoja na magugu. Tena lilimfaa msimamizi: akitupa jicho shambani, aliyesimama wima alionekana mara moja kuwa anapumzika. Sheria ilikuwa ikikataza vyombo vya mkono visivyo salama, lakini maofisa waliifasiri kwamba chombo kisicho salama ni kile kibovu, chenye mpini uliopasuka au chuma kilicholegea. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya California iliikataa tafsiri hiyo. Jembe zima, lisilo na ufa wowote, laweza kuwa si salama, ikiwa kulitumia vile vile lilivyokusudiwa humharibu mwenye kulitumia. Jembe fupi likapigwa marufuku, mpini mrefu ukaingia, na mashamba ya California hayakuacha kuzaa mboga.

Fundisho hili ni kubwa kuliko jembe. Ubovu wa chombo haumo katika chombo peke yake, bali umo kati ya chombo na mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini shamba si mvungu, na waliowainamisha vibarua wale walikuwa wanadamu wenzao. Gharama ambayo wenye mashamba waliogopa kuilipa kwa mipini ilikuwa ikilipwa siku zote kwa migongo. Kumbe mara nyingi asemaye kuwa chombo chema ni ghali husahau kuhesabu, kwa kuwa chombo kibaya hakilipiwi na mfuko wake.

Liko jambo lingine, nalo ni gumu zaidi, kwa sababu lahusu sifa tuipendayo, yaani uvumilivu. Mwaka 1946 mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, alikwenda kufanya kazi Vellore, kusini mwa India, akakuta wagonjwa wa ukoma waliopotewa na vidole. Watu walidhani kwamba ukoma, ugonjwa ambao leo una dawa za kuuponya, huozesha vidole kwa nguvu zake wenyewe. Brand na wenziwe waliona kwamba sivyo. Ukoma huua neva, na mtu asiyesikia maumivu hushika sufuria ya moto asijue, au hubana ufunguo kupita kiasi, au hufanya kazi na mpini wenye kibanzi mpaka kidonda kikafika mfupani. Vidole viliharibiwa na majeraha ambayo mwenyewe hakuyasikia. Maumivu, basi, ni mlinzi wa mwili, na nyumba isiyo na mlinzi huibiwa kidogo kidogo.

Ikiwa ni hivyo, tunapomsifu kijana kwa kuyanyamazia maumivu ya mkono wake, twamfundisha nini? Hapana budi tutofautishe. Yako maumivu ya kujifunza: kiganja cha mlimaji mpya hutoka malengelenge, na baada ya siku kadhaa hukomaa. Hayo yavumiliwe, maana yana mwisho, nayo huacha nguvu nyuma yao. Yako pia maumivu ya kuharibika: ganzi ya usiku, kidole kinasacho, udhaifu uzidio juma hata juma. Hayo hayamkomazi mtu, bali humla. Uvumilivu ni fadhila kwa mambo yasiyoweza kubadilishwa, na kwa mambo yazaayo mema. Kuuvumilia mpini mbaya uwezao kubadilishwa kwa nusu saa si ushujaa, na kumtaka mwingine auvumilie ni dhuluma.

Haki hii haimwachi mfanyakazi bila wajibu. Aondoaye kinga ya mashine ili kazi iende mbio ameviuza vidole vyake kwa dakika chache. Afichaye ganzi yake mpaka mkono umekonda humnyima tabibu nafasi ya kumsaidia. Lakini yafaa kuuliza pia ni nani aliyezipandisha bei dakika hizo. Ikiwa mtu hulipwa kwa idadi ya vitu, na idadi imewekwa juu hata haifikiki ila kwa kuiondoa kinga, mkono ulioiondoa ni wake, bali amri ilitoka kwingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007 pia, humtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi, vyombo, na kazi yenyewe na uwezo wa mfanyakazi. Hapo ergonomia imevikwa joho la sheria. Walakini sheria hii humtafuta mwajiri, na wengi katika mafundi wa jua kali ni waajiri wa nafsi zao. Fundi aketiye chini akigonga bati kutwa, nani amwinulie meza? Hapa deni hugawanyika kati ya watu wengi. Mteja atakaye jiko jioni hii kwa bei ya kutupa ana sehemu yake. Mzazi ampaye mtoto mdogo jembe la mtu mzima ana sehemu yake. Fundi mkuu amfundishaye mwanagenzi kugonga, asimfundishe kupumzika wala kubadili mkono, naye ana sehemu yake. Mahali sheria isipofika, dhamiri haina ruhusa ya kulala.

Vijana, baadhi yenu mtafanya kazi za mikono, na wengine mtawapa watu kazi hizo. Mtakuwa wenye mashamba, wenye karakana, wasimamizi, wahandisi, na wazazi. Siku itafika ambayo jembe litakuwa mkononi mwenu, na mtu atakuwa mbele yenu akilingoja. Siku hiyo methali ya wahenga itakuwa rahisi kuitamka, nayo itakuwa na faida kwa atamkaye. Ngojeni kidogo. Tazameni kimo cha mtu yule, na kiganja chake, na saa atakazokaa na jembe hilo. Kisha mwulizeni kama linamfaa, na jibu lake mlisadiki. Mvivu atajulikana tu kabla ya jua kutua. Lakini mkulima wa kweli ndiye anayejua jembe kuliko watu wote, na ikiwa yuko mtu mwenye haki ya kulichagua, ni yeye atakayeshinda nalo kutwa.